Dylan Dog: nimeikwepa muvi hii miaka na miaka, nimeiona juzi, na mpwa wangu kalala kabla haijafika nusu

#1 MwanaWaKuze (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum wanabaraza, na wengine habari za jioni.

Uzi ni mrefu, kwa hivyo jitilie kahawa na kashata uweke karibu. Halafu nitamwaga kila kitu mpaka mwisho wa muvi. Asiyeiona na bado ana hamu nayo aondoke sasa, tusije tukalaumiana.

Nianze mbali kidogo. Kati ya 2004 na 2009 nilikuwa natandika vitanda kwenye hoteli moja Watamu. Wageni karibu wote Wataliano. Mtaliano akiondoka huacha vitu vitatu chumbani: mafuta ya jua yaliyobaki robo, ndara, na kitabu cha katuni. Mafuta tuligawana, ndara zilikwenda kwa bawabu, vitabu hakuna aliyevitaka. Nikavichukua mimi.

Vingi vilikuwa vya jamaa mmoja. Shati jekundu, koti jeusi, jinzi, uso wa mtu ambaye hajalala siku tatu. Dylan Dog. Kitaliano changu wakati huo kilikuwa cha kuomba bakshishi tu, lakini picha zile zilinishika. Nikawa nauliza neno hili, nauliza lile, na kufika mwaka wa pili nasoma mwenyewe taa ikiwa chini ya shuka, maana chumba cha wafanyakazi tulilala sita.

Kwa msiomjua: kamtunga Tiziano Sclavi, kitabu cha kwanza kilitoka 1986 kwa kampuni ya Sergio Bonelli, na mpaka leo vinatoka kila mwezi. Jamaa anaishi London, nyumba nambari 7 barabara ya Craven. Zamani alikuwa askari wa Scotland Yard, yaani polisi wa London. Sasa ni mpelelezi wa kujitegemea, ila hachukui kesi za waume wanaozini. Anachukua kesi ambazo polisi wakisikia watakucheka: maiti anayetembea, mtu asiyeonekana, nyumba inayolia. Kengele ya mlango wake hailii ngri ngri, inapiga ukelele wa mtu anayechinjwa.

Wenyewe wanamwita *indagatore dell'incubo*. Nikitafuta Kiswahili chake napata mpelelezi wa jinamizi, na hapo ndipo nilipompenda zaidi. Sisi tukisema jinamizi hatusemi ndoto mbaya tu. Tunasema na lile lidude linalokukalia kifuani usiku, unataka kupiga kelele sauti haitoki. Incubo la Wataliano nalo ni hivyo hivyo, limetoka kwenye Kilatini cha kitu kinachokulalia. Watu wa mbali kabisa, jina lao na letu limekutana kifuani.

Na jambo kubwa: Dylan ni mwoga. Anaogopa popo, anaogopa kupanda ndege, anaogopa mahali pa juu na mahali pa kubana. Alikuwa mlevi, kaacha. Anapuliza klarineti vibaya. Ana jahazi dogo la mbao analiunda nyumbani tangu kitabu cha kwanza na haliishi. Mtu kama huyo akifungua mlango wa chumba cha giza, wewe msomaji tumbo linakukata, kwa sababu unajua na yeye linamkata.

Haya, tuje kwenye muvi. *Dylan Dog: Dead of Night*, mkurugenzi Kevin Munroe, mwigizaji mkuu Brandon Routh, yule aliyekuwa Superman wa 2006. Ilitoka 2011, Italia mwezi wa tatu, Marekani mwisho wa mwezi wa nne. Wenzangu wa Watamu walinipigia simu wakati ule: usiione, itakuumiza. Nikatii. Juzi Jumamosi nikasema nimeshakuwa mtu mzima, wacha nione. Kompyuta juu ya stuli, feni inazunguka, mpwa wangu wa miaka kumi na mbili pembeni na pakiti ya kachiri.

Kwanza, London hakuna. Wamempeleka New Orleans. Sawa, mji mzuri, una makaburi ya juu ya ardhi, ungeweza kutisha. Lakini wameupiga picha kama tangazo la utalii la usiku.

Pili, mwenzake hayupo. Kwenye vitabu Dylan ana msaidizi anaitwa Groucho, sura kama ya yule mchekeshaji Groucho Marx, masharubu na sigara, mizaha isiyochekesha kutwa. Mkopo wa sura hiyo una mambo yake ya haki, kwa hivyo tuseme wamesamehewa. Badala yake wakaleta kijana anaitwa Marcus, anakufa mapema, anaamka zombi, na muvi nzima analalamika.

Gari nalo: Beetle nyeupe imekuwa nyeusi. Hilo silo tatizo, nalitaja kwa kuwa mimi ni msumbufu.

Tatizo ni hili. Mwanzo wa muvi Dylan kastaafu. Kwa nini? Mpenzi wake aliuawa na vampaya. Zamani alikuwa kama hakimu wa amani baina ya koo za vampaya, mbwamwitu-watu na mazombi. Vampaya wana kilabu chao cha usiku. Mbwamwitu-watu wana biashara yao ya nyama. Mazombi wana duka la viungo, mkono ukikatika unaenda unapimwa mwingine kama mtu anayenunua kiatu. Kila kitu kina utaratibu, na kila utaratibu tunaelezwa na sauti ya Dylan mwenyewe juu ya picha, toka mwanzo mpaka mwisho haifungi mdomo. Anaingia chumbani, anakuambia anaingia chumbani.

Ikafika mahali mazombi wapya wameketi kwenye viti kwa duara wanapeana nasaha za jinsi ya kuishi wakiwa wamekufa. Mpwa wangu akaniuliza: "Mjomba, kwani wana chama?" Nikamwambia ndiyo, kilichobaki ni mchango na chai. Akacheka. Dakika kumi baadaye nikageuka, kalala, kachiri mkononi.

Mtoto wa miaka kumi na mbili. Muvi ya mashetani. Kalala.

#2 BintiKibokoni

Kaka, umekuwa mkali. Mimi niliiona zamani na nilicheka. Lile duka la viungo ni wazo zuri, na Routh, wallahi, anatazamika. Si kila kitu lazima kikutishe. Nyinyi mliosoma vitabu ndio mnaoharibu starehe za watu.

#3 MwanaWaKuze

Dada, ungeniambia ni kichekesho ningeketi nikacheka. Lakini wakati wa kuchekesha inataka kuogopesha, na wakati wa kuogopesha inatoa mzaha. Ni kama pilau uliyotia sukari ukidhani unasaidia.

Kuhusu utanashati wa Routh sina ubishi. Ila ndiyo kasoro yenyewe. Yule kifua kipana, taya kama la jiwe, hata likija jini la futi kumi humwonei huruma. Unamhurumia jini.

#4 KachiriNaAchari

Napita tu. Kumbe kachiri imetajwa kwenye uzi wa maana.

#5 Mzee_wa_Lotus

Vijana, mimi sijaiona hiyo muvi wala sitaiona, lakini hoja ya mwanzisha uzi naielewa. Sisi tuliingia sinema ya Lotus na ya Regal hapa Mombasa tukiwa wadogo. Filamu za kutisha za wakati huo zilikuwa na damu rangi ya nyanya na popo anayening'inia kwenye uzi, na uzi wenyewe unauona. Tulijua kabisa ni uongo. Kilichotutisha ni njia ya kurudi nyumbani.

Kwetu ni Mbaraki. Mnaijua ile nguzo ya kale ya mawe kando ya msikiti? Watu walikuwa wanaweka ubani na marashi pale kwa ajili ya mwenye kukaa ndani. Mimi mtoto wa miaka kumi, nimetoka kuona popo wa uzi, napita pale peke yangu saa tatu usiku. Hakuna kilichotokea. Hata siku moja hakuna kilichotokea. Na nilikimbia kila siku.

Hawa wa kwako wangesimamisha mtu pale mlangoni mwa nguzo akueleze jini anakaa ghorofa ya ngapi na kodi analipa kiasi gani.

#6 MwanaWaKuze

Mzee, shikamoo. Umeandika kwa mistari michache nilichokitafuta kwa ukurasa mzima.

#7 Hesabu_Kali

Mnasahau kitu kimoja: pesa. Hii ilikuwa muvi ya bajeti ndogo. Mnataka ifanane na *Constantine*, ile muvi ya mashetani ya pesa nyingi?

#8 MwanaWaKuze

Nilijua utakuja, kwa hivyo nimejiandaa.

Bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 20. Kwa Hollywood ni pesa ya chai, kweli. Kwa shilingi yetu ya mwaka huo ni zaidi ya bilioni moja na nusu. Marekani ilirudisha kama dola milioni 1.2, na ukijumlisha dunia nzima haikufika nusu ya gharama.

Sasa linganisha. *The Blair Witch Project* ya 1999 ni vijana watatu, msitu na kamera ya mkono. *Paranormal Activity* ilipigwa kwa dola 15,000 hivi, nyumba moja, kamera imewekwa chumbani watu wamelala, mlango unasogea kidogo. Kidogo tu. Nilipoiona mara ya kwanza nililala na mlango wa chumba nimeuegemeza kiti. Pesa ya muvi hiyo nzima hainunui hata lile jitu la mpira linalotokea mwisho wa Dylan Dog.

Na hapo ndipo pesa yao ilikokwenda. Mazimwi mengi, kila moja linahitaji sura ya mpira, meno na masaa ya vipodozi, halafu kila moja linapata dakika mbili na taa kali. Wangelipa zimwi moja, wakalificha.

Hapa kwetu tuna mfano. *Kati Kati* ya Mbithi Masya, 2016. Dada anazinduka nyikani, hakumbuki kitu, anafika kwenye loji, anakuta watu, wanamwambia: umekufa, sote tumekufa. Hakuna meno, hakuna jitu. Ilikwenda mpaka tamasha la Toronto ikarudi na tuzo ya wakosoaji wa kimataifa, FIPRESCI. Wafu wale ni wafu kweli, kwa sababu kila mmoja ana jambo hataki kulikumbuka.

#9 CiaoWatamu

Ndugu yangu, na mimi nilikuwa Watamu miaka hiyo, upande wa jikoni! Umesahau kuwaambia jambo muhimu. Wataliano wenyewe walikasirika kuliko wewe. Halafu 2014 vijana wa huko wakachangisha pesa mtandaoni wakapiga Dylan Dog yao, *Vittima degli eventi*, chini ya saa moja, wakaiweka yutubu bure. Mambo yote Roma. London hawakuiweza, hawakujifanya wanaiweza. Na Groucho wakamtia, masharubu na yote.

#10 MwanaWaKuze

Nimeiona. Si kamilifu, kuna mahali inajipenda mno. Lakini dakika za kwanza unajua hawa wamesoma vitabu mpaka kurasa zikatoka. Kule Marekani nahisi kuna mtu alisomewa muhtasari kwenye simu.

Na nieleze kitu kuhusu vitabu, maana BintiKibokoni anadhani ninalilia gari na masharubu. Kuna nambari 81, ya 1993, inaitwa Johnny Freak. Kijana bubu, kiziwi, hana miguu. Dylan anampata, anamleta nyumbani, anagundua kipaji cha kuchora. Kidogo kidogo inajulikana kwamba wazazi wake mwenyewe wamemfungia maisha yote, wanamkata viungo kumpa ndugu yake mgonjwa. Hakuna jini humo. Ukimaliza unatamani angekuwepo jini, ungepata wa kumlaumu.

Ndiyo kazi ya mpelelezi huyu. Anakwenda kumtafuta zimwi, na mara nyingi akifika anamkuta binadamu. Muvi nayo imejaribu: mwisho kabisa tunaambiwa kwamba yule dada mteja, Elizabeth, aliyekuja analia baba yake ameuawa, ndiye mwindaji wa mazimwi na alikuwa anamtumia Dylan tangu mwanzo. Ungekuwa mwisho mzuri! Lakini ulikuja baada ya mikimbio mingi na maelezo mengi, mimi nilikuwa natazama saa.

#11 TuktukYaUsiku

Mimi si mtu wa vitabu, ni mtu wa usukani. Lakini mkitaka mpelelezi wa jinamizi mleteni Mombasa, kesi zipo.

Binamu yangu alibeba mama mmoja saa saba usiku kutoka Mwembe Tayari. Buibui safi, harufu ya udi, hakusema neno ila "Kibokoni". Wamefika, mama anashuka, anatoa noti, noti ikaanguka. Binamu akainama kuiokota. Akaona kwato.

#12 Hesabu_Kali

Ha! Kila mtu Mombasa ana binamu aliyeona kwato. Sijakutana na binamu mwenyewe hata mara moja. Marehemu babu yangu alisimuliwa hiyo hiyo, ila dereva alikuwa wa teksi.

#13 TuktukYaUsiku

Basi njoo uendeshe wewe saa saba, utuletee hesabu.

#14 MwanaWaKuze

Msigombane, maana mmenipa zawadi. Iangalieni hiyo hadithi ilivyojengwa. Udi kwanza. Ukimya. Jina la mtaa unaoujua, si msitu wa Ulaya. Noti inaanguka, kitu ambacho kingemtokea yeyote. Kuinama. Na neno la mwisho kabisa ni kwato, halafu msimulizi ananyamaza. Hakuelezi jini ni wa kabila gani, ametoka wapi, ana ugomvi na nani. Ukimuuliza anakwambia "basi", anakunywa kahawa yake.

Imesimuliwa na babu, imesimuliwa na baba, teksi imekuwa tuktuk, bado inafanya kazi. Hesabu_Kali anabisha mchana. Ningependa kumwona akiokota noti usiku.

#15 Hesabu_Kali

Noti ya kiasi gani?

#16 MpigaPichaMajengo

Nimekuwa nasoma kimya lakini sasa imebidi niseme. Hadithi hiyo tulishaipiga muvi. Sitaitaja kwa jina, wala aliyeielekeza, maana tunakutana msikitini. Nilikuwa msaidizi wa kamera, siku nne, Mji wa Kale, malipo nauli na biriani.

Kwato zilikuwa tatizo. Za kutengeneza ni ghali, kwa hivyo mtu akatumwa buchani akaja na miguu ya mbuzi, ya kweli, minne, tuipige picha kwa kubadilishana. Walipanga usiku. Jenereta likagoma. Tukaahirisha, tukaanza saa nne asubuhi tukiwa tumefunika madirisha kwa mashuka meusi. Kufika adhuhuri jua la Mombasa mnalijua. Ile miguu ikaanza kunuka, paka wa Mji wa Kale wakasikia habari. Mwigizaji wetu wa jini kasimama na buibui, paka saba miguuni, na mkurugenzi anapiga kelele "toa paka!" Halafu adhana, tukasimama. Halafu mkokoteni wa maji. Tukasimama tena.

Lakini nisikilizeni. Kulikuwa na kipande kimoja. Ngazi za ndani za nyumba ya kale, zile nyembamba zenye giza hata mchana. Kamera iko chini sakafuni. Husikii kitu ila tok... tok... tok juu ya ubao. Unaona pindo la buibui tu, likishuka ngazi moja, ngazi ya pili. Kwato hata hatukuzionyesha, kwa kuwa zilishaharibika. Mkurugenzi aliposema kata, hakuna aliyesema kitu. Yule mama mwenye nyumba alikuwa jikoni, akatoka na upawa mkononi akauliza: "Nani anashuka?" Na sisi sote tuko chini.

Aliyepiga ile sauti alikuwa mimi, na vifuu viwili vya nazi.

#17 BintiKibokoni

Subhanallah. Na muvi ikawaje?

#18 MpigaPichaMajengo

Walipofika kwenye uhariri wakasema ngazi ni giza mno, watu hawataona kitu. Wakakiongezea mwanga kwenye kompyuta mpaka ukuta ukawa kijivu, wakatia muziki wa ngoma kubwa, na juu yake sauti ya mwigizaji mkuu: "Wakati huo nilijua kwamba hakuwa mtu wa kawaida."

#19 Mzee_wa_Lotus

Inna lillahi.

#20 MwanaWaKuze

Nimesoma hiyo sentensi ya mwisho nikaweka simu chini. Ni muvi ile ile! Bilioni moja na nusu au nauli na biriani, wameshikwa na ugonjwa mmoja: wanaogopa sisi tusielewe, kuliko wanavyotaka tuogope.

MpigaPicha, kile kipande cha asili, kabla hakijatiwa mwanga, kipo wapi?

#21 MpigaPichaMajengo

Kwenye hadi diski ya rafiki yangu, Mtwapa. Nitamuuliza. Usiniwekee matumaini, ile diski iliwahi kuanguka kwenye feri.

#22 BintiKibokoni

Mwanzisha uzi, na vitabu vyako bado unavyo? Sijui Kitaliano lakini nimeingiwa na tamaa.

#23 MwanaWaKuze

Ninavyo thelathini na kitu, kumi vimeliwa na unyevu, vinanuka kama kanga iliyosahauliwa kwenye beseni. Karibu, ila hakuna kuazima, unasoma hapa hapa barazani.

Halafu nimesahau kuwaambia. Jana mpwa wangu alivikuta kwenye kasha, akauliza kama ndiye yule wa kwenye muvi. Nikamwambia ndiye na siye. Akakaa navyo tangu alasiri. Hajui neno hata moja la Kitaliano, anatazama picha tu, nyeusi na nyeupe, anafunua polepole. Nikamwacha.

Usiku saa nne nataka kuzima taa ya ukumbini, nasikia: "Mjomba."

"Naam."

"Iache."

#24 TuktukYaUsiku

Mwambie asiokote noti.